Marekebisho ya Wino Mbichi

Jumanne ya pili ya Novemba, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Gerlinde Assmuth alifungua kabati la chuma, akautoa muswada wa vipande vya piano vya Traugott Wehrhan, akaulaza juu ya kitambaa cha kijani, akakuta kwenye ukurasa wa tisa alama mpya ya kushusha sauti. Ilikuwa imeandikwa kwa wino wa kahawia mbele ya noti ya tatu ya kipimo cha muziki cha kumi na sita, na ilikuwa mbichi bado. Alichukua karatasi ya kunyonyea wino, akaigandamiza taratibu, akahesabu hadi ishirini, akaiinua. Kisha akaandika kwenye daftari la kazi: "Uk. 9, kipimo cha 16, alama moja. Wino mbichi." Akateleka birika la kahawa jikoni na kusubiri lichemke.

Ilikuwa alama ya nne tangu mwezi uanze.

Makumbusho ya Wehrhan yalikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa tatu yenye dari juu yake, kwenye uchochoro wa Gerbergasse mjini Zeitz. Humo ndimo mtunzi huyo alimoishi miaka ishirini na saba na ndimo alimofia. Gerlinde alikuwa mtunza nyaraka wa nyumba hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Kabla yake, mama yake, Adelgund, alikuwa akisugua sakafu zake kwa magoti. Mama na binti waliishi katika vyumba viwili nyuma ya ua, vyumba vya makumbusho, na mkataba ulisema kwamba wangekaa humo kwa muda wote Gerlinde atakaokuwa kazini, si siku moja zaidi. Adelgund alikuwa na miaka themanini na mitatu na miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa ngazi.

Muswada ndio uliokuwa roho ya nyumba. Ulikuwa na vipande kumi na viwili katika kurasa arobaini na nne, vilivyoandikwa kwa wino wa kahawia, mwandiko mdogo uliolala ubavu kama nyasi baada ya upepo. Juu ya mwandiko huo, kwa penseli nyekundu nene, yalipita masahihisho ya Wehrhan mwenyewe. Watoto wa shule wa Zeitz walifundishwa kwamba wino ni wa mnakili tu, mtu aliyeandika alichotajiwa, na kwamba kipaji chote kimo katika ile penseli. Penseli ilikuwa imekata, imeongeza na kunenepesha. Palipokuwa na noti moja iliyosimama peke yake, penseli iliizungushia nyingine nne.

Sasa wino ulikuwa umeanza kuikata penseli.

Dkt. Hasso Breitkreuz, mkurugenzi, aliuinamia ukurasa wa tisa na kioo chake cha kukuzia. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumfokea mfanyakazi.

"Mzee bado yuko kazini," alisema. "Karibu miaka sitini kaburini na bado hajaridhika na kazi yake. Hao ndio watu, Bi Assmuth. Sisi ikigonga saa kumi na moja tunatafuta kofia."

"Lakini anayekatwa ni yeye, Bwana Mkurugenzi. Wino ndio unaokata penseli."

"Mtu mkubwa hujikata mwenyewe," alisema Breitkreuz. Alasiri hiyo hiyo akamwandikia mchapishaji wa Leipzig kwamba mwezi Machi, kwenye kumbukumbu ya kifo cha bwana huyo, nyumba ingetoa toleo jipya la vipande vyake, lililosahihishwa na mtunzi hadi dakika ya mwisho na hata baada yake.

Kufikia Desemba masahihisho yalikuwa kumi, kisha ishirini kila asubuhi. Kabati lilifungwa kwa funguo mbili na zote zilikuwa kwenye mkufu wa Gerlinde. Ndani yake kulianza kuota barafu nyembamba, hata akawa anakuja na kitambaa kikavu cha kuipangusa kabla hajaugusa muswada. Mahali pengine kalamu ilikuwa imekandamiza mpaka ikatoboa karatasi. Aliyaandika matundu hayo pia kwenye daftari, yalipo na upana wake.

Kila Jumatano saa tisa alasiri alikuja Bwana Thienemann, mpiga piano mstaafu wa miaka sabini na mmoja, kuvijaribu vipimo vilivyobadilishwa. Jumatano ya kwanza ya Desemba alipiga kipande cha nne chote, bila hata alama moja nyekundu. Gerlinde alikuwa amekisikia kipande hicho mamia ya mara. Siku zote kilikuwa kizito na chenye fahari, kama mlango wa kanisa. Safari hii kilikuwa chembamba. Kilienda kama mtu anayetembea peke yake kwenye theluji, anayesimama kila baada ya hatua chache kusikiliza kama kuna anayemfuata.

Thienemann alipomaliza aliitazama mikono yake. Ilikuwa midogo, vifundo vimekuwa vyekundu kwa baridi, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa na doa la wino wa kahawia. Ilikuwa mikono ya msichana wa miaka ishirini na kitu.

"Bi Assmuth," alisema, "una glavu?"

Gerlinde alimpa zake za sufi. Zilimtosha sawasawa.

Jumatano iliyofuata alimuuliza kama mikono ilirudi.

"Ilirudi. Saa moja jioni hivi, nilikuwa nakunywa supu. Ila dole gumba la kushoto lilichelewa hadi Alhamisi."

Mchana wa kesho yake Gerlinde alivuka ua kwenda kula. Mama yake alikuwa ameketi karibu na dirisha akimenya viazi, bakuli likiwa mapajani.

"Mikono ya Thienemann imegeuka ya msichana, Mama."

"Afadhali. Yake ilikuwa mibaya." Adelgund alitupa kiazi ndani ya maji. "Huyo ni yule wa juu."

"Wa juu gani?"

"Wa chumba cha darini. Nilipokuwa nasugua ngazi nilikuwa namsikia anakohoa. Nikawa namwekea kikombe cha maziwa moto mlangoni. Nikirudi na ndoo, maziwa yameganda barafu na kikombe kimesogezwa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Tena wewe na vitabu vyako, ungesema mama kaanza kuchanganyikiwa."

"Alikuwa anasema nini?"

"Hasemi, mwanangu. Anaandika. Kalamu inakwaruza utadhani panya kwenye gunia. Haya, kula. Vinapoa."

Gerlinde alikula. Baadaye alirudi kazini akashusha kutoka rafu ya juu sanduku ambalo halikuwahi kuonyeshwa kwa wageni, sanduku la karatasi za nyumbani za familia ya Wehrhan. Zilikuwa hati za malipo ya mkaa, ya nyama na ya kinyozi. Katikati alikuta orodha ya nguo za kufuliwa ya Januari 1847: mashuka sita, leso kumi na mbili, soksi za Bwana jozi tisa. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelala ubavu. Tarakimu ya tisa ilikuwa na ndoana ile ile iliyokuwa kwenye kila ufunguo wa besi katika muswada. Chini palikuwa na jina: Thekla Nauendorf.

Siku mbili baadaye, kwa mchungaji, alimpata katika kitabu cha vifo. Thekla Nauendorf, binti wa mpiga kinanda cha kanisa kijijini, mwalimu wa watoto katika nyumba ya Bwana Wehrhan, alikufa Februari 1847, kwa kifua, umri miaka ishirini na mitatu. Gerlinde alirudi kwenye sanduku. Kulikuwa na barua ya Wehrhan kwa mwenye nyumba, ya Desemba kabla ya kifo hicho. Mwenye nyumba alikuwa ameuliza kama chumba cha darini kiwekewe jiko, kwa sababu baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Wehrhan alijibu kwamba hapana haja. Binti anayelala humo, aliandika, ana kazi nyingi ya kalamu, na anayeandika upesi hujipasha mwenyewe. Barua ya pili, kwa mchapishaji, ilikuwa na tarehe ya juma moja baada ya maziko. Ilisema kwamba vipande kumi na viwili vimekamilika hatimaye, na kwamba vimemchosha sana.

Gerlinde alikaa na barua hizo mbili mpaka kahawa yake ikapoa. Alijihisi kama mtu aliyekuwa akipamba kaburi kwa miaka ishirini na miwili, kisha akaambiwa aliyemo si yule. Alizibeba akapanda hadi ofisi ya mkurugenzi.

Breitkreuz alizisoma zote mbili, ingawa alionekana kuzijua.

"Nilizisoma nikiwa mwanafunzi," alisema. "Mwalimu wangu naye alizisoma. Ndiyo maana sanduku liko rafu ya juu."

"Basi vipande ni vya binti huyu. Na anayeandika sasa ni yeye. Anaondoa alichoongezewa."

"Naam. Na anafanya vizuri sana. Thienemann anasema kipande cha saba sasa hivi kinakata pumzi." Alizikunja barua. "Bi Assmuth, nyumba hii inaitwa nyumba ya nani?"

"Ya Wehrhan."

"Mjini kuna shule ya Wehrhan, barabara ya Wehrhan, na duka la nyama lenye soseji za Wehrhan. Hakuna atakayekuja kutoka Leipzig kwa treni kumtazama Nauendorf. Mchapishaji anataka cheti kutoka kwa mtunza nyaraka, kwamba masahihisho mapya ni ya mkono wa Wehrhan. Jina lako ndilo wanaloliamini, si langu. Nimeshakiandika, kimebaki kutiwa sahihi."

"Na nisipotia?"

"Nitasikitika," alisema kwa upole, na ilikuwa kweli. "Nitalazimika kumtafuta mwingine, na mwingine atahitaji mahali pa kukaa. Mama hajambo lakini? Miguu?"

Nje theluji ilikuwa imeanza. Gerlinde aliitazama ikishuka juu ya ua na juu ya dirisha dogo la chumba chao, ambamo mama yake alikuwa ameshawasha taa. Mwaka ule baridi ilikuwa ya kuvunja mabomba, na watu wazima walikuwa wakikutwa wameganda kwenye vituo vya reli. Alichukua kalamu akatia sahihi.

Alipomweleza mama yake, Adelgund alivuta vuta uzi kwenye shali.

"Umefanya ulichofanya," alisema. "Mimi nami nilimwekea maziwa miaka kumi na minne. Sikumfungulia mlango hata siku moja. Nilikuwa na ufunguo mfukoni."

Kuanzia asubuhi iliyofuata, kila alichoandika Gerlinde katika daftari kilisahihishwa pia. Aliandika "marekebisho ya Wehrhan", na siku ya pili neno la mwisho lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba wa kahawia. Aliliandika tena, nalo likakatwa tena. Kwenye cheti kilichorudi kutoka kwa mchapishaji, mstari ulikuwa umepita juu ya jina la Wehrhan na juu ya sahihi ya Gerlinde. Mchapishaji alituma barua ya adabu akiomba nakala safi. Gerlinde aliipeleka, nayo ilifika Leipzig ikiwa imekatwa. Mwishowe Breitkreuz alimwambia mchapishaji kwa simu kwamba mistari ile ni desturi ya nyumba, na mchapishaji akaridhika.

Tamasha lilifanyika Jumapili ya pili ya Machi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa chini. Majiko mawili yalikuwa yamewashwa tangu alfajiri, na bado pumzi za watu zilionekana. Wageni walikaa na makoti yao. Meya alisoma hotuba kuhusu mwana mkuu wa Zeitz. Kisha Thienemann akaketi akavipiga vipande vyote kumi na viwili bila kupumzika. Kabla kipande cha pili hakijaisha, mikono yake ilikuwa imekwisha kubadilika, mbele ya watu mia na ishirini.

"Mzee huyu ana mikono mizuri," mwanamke mmoja wa safu ya pili alimnong'oneza mumewe.

"Ya kurithi," alisema mume.

Katika kipande cha mwisho mtu alikohoa juu, mbali, nyuma ya dari tatu. Breitkreuz alimfanyia Thienemann ishara aongeze sauti. Thienemann hakuongeza. Kipande hakikutaka. Kiliisha kwa noti moja peke yake, ile ambayo penseli ilikuwa imeizungushia nyingine nne, na watu wakangoja kwa kuwa hawakujua kama kimekwisha. Kisha wakapiga makofi, na meya akalivika sanamu la Wehrhan shada la maua.

Safari hii mikono ya Thienemann haikurudi. Alingoja siku tisa, kisha akaenda dukani kununua glavu katika upande wa wanawake. Breitkreuz, aliyesikia jinsi alivyopiga, alimpa mkataba wa kudumu.

Siku ya pili baada ya tamasha muswada ulikuwa mkavu. Hapakubaki alama nyekundu ya kukatwa. Gerlinde alidhani mambo yamekwisha, akashangaa kuhisi upweke. Lakini alipofungua daftari la kazi alikuta kurasa sita za mwisho, ambazo zilikuwa tupu, zimechorwa mistari ya noti kwa mkono na kujazwa kipande cha kumi na tatu, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Chini yake, kwa herufi zilizolala ubavu, palikuwa na jina: Thekla Nauendorf.

Breitkreuz alikipeleka kwa Thienemann akipige, naye akakisikiliza amefumba macho.

"Mpelekee karatasi," alimwambia Gerlinde. "Karatasi nzuri, iliyochapwa mistari. Na wino. Weka darini, huko huko alikozoea."

Gerlinde alipanda na karatasi. Chumba kilikuwa na meza, kiti na dirisha la ukubwa wa sinia. Kutani palikuwa na tundu ambalo bomba la jiko lingepita, na halikuwahi kupita. Alipoweka chupa ya wino juu ya meza, wino uliganda akiutazama. Aliteremka akaenda moja kwa moja ofisini.

"Ninaomba kitu kimoja," alisema. "Awekewe jiko."

"Nyumba ni ya kihistoria, Bi Assmuth. Haiwezekani kutoboa paa."

"Tundu lipo tayari. Hata jiko dogo la mafuta."

Breitkreuz alizungusha kalamu vidoleni. Alilifikiria ombi lile kwa uaminifu.

"Na akipata joto," aliuliza, "ataandika vile vile?"

Jiko halikuwekwa.

Vipande viliendelea kuja, kimoja kila juma, wakati mwingine viwili. Mchapishaji aliviita vipande vya baada ya kifo vya Wehrhan, jambo ambalo lilikuwa karibu na ukweli. Wanafunzi wa muziki walianza kuja kwa treni. Kila kipande kilikuwa na jina la Thekla Nauendorf chini ya ukurasa wa mwisho, na kila asubuhi Gerlinde aliweka rula, akapitisha wembe, akakiondoa kijikaratasi chenye jina hilo, upana wa kidole. Mwanzoni alivihifadhi katika kopo la biskuti. Mkurugenzi alipolikuta kopo limejaa hakukasirika. Alisema tu kwamba vitu kama hivyo siku moja humsumbua mtu asiyehusika, na kwamba ni heri vichomwe. Jiko la ofisini kwake lilikuwa pale pale, linawaka.

Gerlinde alivichoma. Baada ya siku hiyo alivichoma kila asubuhi saa tatu, mara tu baada ya kuvikata.

Karatasi iliungua, jina halikuungua. Vilipanda kwenye dohani vikiwa vipande vyeusi vyepesi kama maganda ya vitunguu, na juu ya kila kimoja jina lilisomeka kwa kijivu, herufi kwa herufi. Upepo ulivichukua hadi mwisho wa Gerbergasse, wakati mwingine hadi sokoni. Vilitua juu ya mikate ya mwoka mikate, naye akawa anaipuliza kabla hajaiuza. Vilitua juu ya kofia ya mchungaji aliyekuwa anakitunza kitabu cha vifo. Watoto waliokuwa wanajifunza kusoma walilisoma jina hilo kwenye vioo vya madirisha, wakiwa njiani kwenda shule ya Wehrhan. Hapakuwa na mtu mtaani asiyelijua.

Adelgund alikuta kimoja kwenye kizingiti cha dirisha lake. Alikisogeza karibu na macho.

"Thekla," alisema. "Kumbe alikuwa na jina zuri hivyo." Akamtazama binti yake aliyekuwa anavaa koti. "Leo tena?"

"Leo viwili, Mama."

"Basi funga dirisha ukitoka."

Mwezi Mei wakazi wa uchochoro waliandika barua kwa ofisi ya mji. Walilalamikia masizi. Ofisi ilimtuma msafishaji dohani, aliyefanya kazi siku nzima kwa brashi na kamba na kutoa ndoo tatu. Baada ya hapo dohani ilivuta vizuri zaidi, na jina likawa linapanda juu na kufika mbali, hadi ng'ambo ya mto. Wanawake wa Gerbergasse wakazoea kuanika nguo baada ya saa nne.